Alteneta unaionea bure, mchawi ni waya

SAFARI Rally ya mwaka 1973 iliisha kwa jambo ambalo shabiki wa soka analielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Sare kileleni. Shekhar Mehta na msoma ramani wake, Lofty Drews, walifika mwisho na Datsun 240Z yao wakiwa na adhabu sawasawa na Harry Källström, raia wa Sweden aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Zaidi ya kilomita 5,000 za tope, vumbi na mawe, usiku na mchana, halafu watu wawili wanalingana.

Hapakuwa na dakika za nyongeza wala mikwaju ya penalti. Waamuzi walifungua kanuni, wakaangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kupata adhabu. Jibu likawa Mehta. Huo ukawa ushindi wake wa kwanza kati ya mitano, na hadi leo hakuna aliyefikisha mitano kwenye Safari zaidi yake.

Hesabu za mchezo ule zilikuwa za dakika. Ukichelewa kituoni dakika moja, unaandikiwa dakika moja. Sasa jiulize, dakika moja ni kitu gani porini, saa nane za usiku? Ni kufungua boneti na kuangalia kwa nini taa zinafifia. Ukikuta feni belti imekatika, dakika moja haitoshi hata kuitafuta ile ya akiba chini ya kiti.

Ndiyo maana wanaofufua magari haya leo wanajua jambo ambalo mashabiki wa barabarani hawalioni. Gari linapita, watu wanashangilia injini, wanashangilia dereva anavyolilaza kwenye kona. Hakuna anayeshangilia mfumo wa chaji. Ni kama kiungo mkabaji: akicheza vizuri dakika 90 hakuna anayemtaja, akikosea mara moja tu timu imefungwa.

NANI ANALISHA GARI?

Watu wengi wanaamini gari linaendeshwa na betri. Si kweli, na hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea. Betri kazi yake ni kuwasha gari na kusaidia pale mambo yanapozidi. Injini ikishawaka, anayelisha kila kitu ni alteneta, na wakati huohuo inairudishia betri ilichokopesha kwenye stata.

Namba zake si ngumu. Betri nzima ya volti 12, iliyojaa na gari limezimwa, inasoma kama volti 12.6. Gari likiwaka na chaji ikiwa sawa, namba inapanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na ushee injini ikiwa inanguruma, gari linakula akiba. Ikizidi 15, betri inachemka, maji yanapungua na harufu ya yai bovu inatoka chini ya boneti.

Namba hizo zinakuwa na maana zaidi ukizileta kwenye taa. Mwanga wa taa ya globu haupungui sambamba na volti, wenyewe unaporomoka. Taa inayotakiwa kupata volti 13.5 ikipewa 12, inapoteza karibu theluthi moja ya mwanga wake. Dereva anasema macho yamechoka, kumbe macho ni mazima. Kwenye Safari za zamani, barabara zikiwa hazijafungwa na ng'ombe wanaweza kulala katikati ya njia, theluthi hiyo ya mwanga ndiyo iliyoamua dereva anamwona ng'ombe akiwa mbali au akiwa kwenye kioo.

HESABU YA DATSUN

Chukua hiyohiyo 240Z. Gari hili lina heshima yake Afrika Mashariki: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari ya 1971, Mehta akashika nafasi ya pili na 240Z nyingine, kisha ikaja ile sare ya 1973. Zilizobaki Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar zinatunzwa kama mboni ya jicho, na bei zake siku hizi si za mchezo.

Kiwandani lilitoka na alteneta ya Hitachi ya ampea 45 hadi 50, ikiwa mpya na inazunguka kasi. Kwa gari la kwenda kazini inatosha na chenji inabaki. Mvishe sasa nguo za rali. Spotilaiti nne za wati 100 ni wati 400. Taa kubwa mbili za wati 55 ni wati 110. Jumla 510. Gawanya kwa volti 13.5, unapata karibu ampea 38 kwa taa peke yake. Ongeza moto wa plagi, pampu ya mafuta ya umeme, waipa, feni ya kupulizia kioo kisishike ukungu. Unagonga 48 bila kutafuta.

Hiyo ni timu inayocheza na wachezaji 11 bila hata mmoja kwenye benchi. Mmoja akichechemea tu, hesabu imeharibika. Halafu hiyo alteneta inatoa ampea hizo injini ikiwa kwenye kasi. Ukikwama kwenye tope na injini inazunguka polepole, inatoa sehemu ndogo tu, na betri inaanza kulipa deni.

Kwa hiyo wazo la kwanza la kila mtu ni moja: nunua alteneta kubwa. Na hapo ndipo mchezo unapoharibika.

SAFARI YA UMEME WENYEWE

Kwenye 240Z alteneta iko mbele ya injini na betri iko nyuma yake, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Mtu angetegemea waya mnene utoke moja kwa moja kati yao. Haikuwa hivyo. Mtindo wa enzi zile ulikuwa kuweka amita kwenye dashibodi ili dereva aone umeme unaingia au unatoka, na amita ya aina ile haifanyi kazi mpaka umeme wote upite ndani yake. Kwa hiyo umeme mzito unatoka mbele, unatoboa ukuta, unaingia kwa dereva, unapita nyuma ya dashibodi, unazunguka amita, kisha unarudi tena nje kwenda kwenye betri. Kama mchezaji anayerudisha mpira kwa kipa kila akipewa pasi.

Kila mita ya waya inatoza ushuru wake. Waya wa shaba wa milimita za mraba 3, wenye urefu wa mita 4, ukipitisha ampea 40 unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Hiyo ni kwa waya mpya, na vifundo vyake vyote visafi. Na volti hiyo haipotei hewani tu, inageuka joto: wati 36 hivi, zinapashwa ndani ya fungu la nyaya nyuma ya dashibodi, mahali pasipoonekana. Ongeza miaka 50. Ongeza vichwa vya waya vilivyoshika kutu ya kijani, plagi za plastiki zilizokauka, na kifundo kimoja kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu nyeusi mwaka ambao mwenye gari alikuwa bado hajazaliwa.

Ukifunga alteneta ya ampea 60 au 80 juu ya njia hiyo, umemleta mshambuliaji wa bei mbaya kwenye timu isiyo na mtu wa kumpasia. Tena hatari zaidi ya hiyo, maana mshambuliaji akikosa mipira anakaa tu, lakini umeme mwingi ukilazimishwa kwenye waya mwembamba unauchoma. Moto wa gari la zamani mara nyingi huanzia nyuma ya dashibodi, na dereva anaujua pale moshi unapotokea kwenye matundu ya hewa.

Taa nazo zina hadithi yao hiyohiyo. Kwenye gari hili umeme wote wa taa kubwa ulipita kwenye swichi ya pale kwenye usukani, bila rilei. Swichi ndogo, vidole vyake vya shaba vyembamba, inabeba mzigo mzima. Wanaozifahamu 240Z wanajua ugonjwa wake: swichi zilizoungua, na boksi la fyuzi lililoyeyuka plastiki yake upande mmoja.

MITA YA BEI RAHISI

Kesi nyingi za alteneta mbovu zinaanza hivi. Taa zinafifia, betri inalala, gari linapelekwa gereji. Fundi anasema alteneta imekwisha. Inanunuliwa nyingine. Wiki mbili baadaye taa zinafifia tena. Inalaumiwa betri. Inanunuliwa betri. Mwezi unapita, yaleyale. Mwenye gari anaanza kuamini kuna mkono wa mtu.

Mchawi anapatikana kwa mita ya kupimia volti ambayo bei yake haifiki hata robo ya alteneta iliyotumika. Washa injini, ikanyagie mpaka ifike mizunguko kama 2,000, washa taa zote. Sasa weka waya mmoja wa mita kwenye skrubu ya kutolea umeme ya alteneta, na mwingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Watu wengi hapa wanashangaa, kwa sababu wamezoea kupima chanya na hasi. Hapa unapima chanya na chanya. Mita haikuonyeshi umeme uliopo, inakuonyesha umeme unaopotea kati ya pointi hizo mbili.

Ikisoma volti 0.2 au 0.3, njia ni nzuri. Ikisoma volti nzima, alteneta haina kosa lolote, inafanya kazi yake na jasho lake linaliwa njiani. Kisha rudia upande wa hasi: bodi ya alteneta yenyewe na kichwa cha hasi cha betri. Hapo izidi 0.2 uanze kuuliza maswali.

Upande huo wa hasi ndio unaosahaulika kuliko wote. Umeme unaokwenda lazima urudi, na kwenye gari unarudi kupitia chuma: bodi, injini, na zile kebo chache zinazoviunganisha. Gari la zamani likitengenezwa upya linapigwa rangi nzuri, ya kung'aa, mpaka chini ya boliti za kebo ya hasi. Rangi haipitishi umeme. Gari linatoka gereji likiwa zuri kama bibi harusi na haliwaki. Dawa yake ni msasa, chuma kiwe cheupe pale boliti inapokaa, ifungwe ikaze, halafu ipakwe grisi juu ili maji yasiingie. Na injini, kwa kuwa imekaa juu ya mipira, iwe na kebo yake ya kuiunganisha na bodi. Ile kebo ikikatika, umeme wa stata unatafuta njia nyingine ya kurudi, na kuna magari yameunguza waya wa kuvutia mafuta kwa sababu hiyo tu.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wa zamani walikipenda na bado kinaonekana pembeni mwa barabara. Gari linawaka, fundi anachomoa kichwa kimoja cha betri. Injini isipozimika, anatangaza chaji iko safi. Enzi za dainamo waliponea chupuchupu. Kwenye alteneta ni sawa na kumpima kipa kwa kumpiga jiwe. Betri ndiyo inayotuliza mawimbi ya umeme; ukiichomoa ghafla volti zinaruka juu sana, na zinachoua ni dayodi ndani ya alteneta na katauti yake. Unakuwa umethibitisha kwamba chaji ilikuwepo. Sasa haipo.

DAINAMO NA LAND ROVER YA BABU

Datsun angalau ilizaliwa na alteneta. Magari ya Kiingereza ya miaka ya 1960, Mini na Land Rover zile zilizozoa wakulima, wamisionari na maofisa wa wanyamapori nchi nzima, yalitoka na dainamo. Lucas C40, aina iliyoenea sana, inatoa ampea 22 tu. Rudi kwenye hesabu ya taa hapo juu, uone kwamba haifiki hata kwenye spotilaiti nne peke yake. Tena dainamo injini ikiwa inazunguka polepole haitoi kitu kabisa, taa nyekundu inamulika kwenye dashibodi na kila mtu anajua ni kawaida.

Kazi ya kukata na kuunganisha dainamo na betri inafanywa na boksi dogo lenye koili na vidole vya kugusana. Ndiyo asili ya neno katauti, ambalo mafundi wetu wanaliita hivyo hata kwa kifaa cha kisasa kisichofanana nalo.

Kubadilisha dainamo kuweka alteneta kwenye gari kama hilo ni jambo jema, lakini lina mtego unaowanasa wengi. Magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule yalifungwa kinyume: chanya ya betri ndiyo iliyokaa kwenye bodi. Alteneta za kawaida zinataka hasi kwenye bodi. Mtu akiifunga bila kugeuza betri kwanza, dayodi zinakwenda kwa sekunde moja. Kishindo hakuna. Unaona moshi kidogo tu, na pesa imekwenda. Ukigeuza betri, amita lazima igeuzwe waya zake, na redio ya zamani kama ipo itolewe kabla haijaungua.

Kuna kitu kingine kidogo kinachochekesha mpaka kikupate. Kwenye mifumo mingi ya alteneta za Lucas na Bosch, ile taa ndogo ya chaji kwenye dashibodi inafanya zaidi ya kutoa taarifa. Umeme mdogo unaopita kwenye globu yake ndio unaoiamsha alteneta ianze kazi. Globu ikiungua, alteneta inaweza kulala moja kwa moja. Mtu ananunua alteneta mpya kwa sababu ya globu ambayo bei yake ni ya soda.

KAZI YENYEWE

Wanaozitengeneza 240Z kwa ajili ya mashindano ya magari ya zamani wana njia ambayo sasa imezoeleka. Wanatoa alteneta ya kwanza na katauti yake ya nje, wanaweka ya Datsun 280ZX ya ampea 60, yenye katauti ndani. Inakaa vizuri kwa kuwa injini ni za ukoo mmoja. Ile plagi ya katauti ya zamani inaunganishwa upya ili waya mmoja usome volti za betri na mwingine uiamshe alteneta.

Waya huo wa kusoma volti unastahili heshima. Katauti ni refa. Inapuliza kulingana na inachokiona. Ikisimama mbali na tukio itatoa uamuzi wa ajabu. Ikisoma volti mahali penye kifundo kibovu, inaona namba ndogo, inaamuru alteneta iongeze, na betri inachemka ingawa kila kifaa ni kizima. Ikisoma palepale kwenye alteneta, inaona namba nzuri na kuridhika, wakati betri huku nyuma inalia njaa. Waya huo uende kwenye betri yenyewe.

Na hapo kuna kituko. Wengi wakimaliza kazi hii wanawasha gari, chaji safi, furaha tele, wanazima swichi na injini inaendelea kunguruma. Wanachomoa funguo, bado inanguruma. Umeme unarudi kinyumenyume kutoka kwenye alteneta kupitia ule waya wa kuiamsha na kulisha moto wa plagi. Dawa ni dayodi moja kwenye waya huo, inayoruhusu umeme uende upande mmoja tu. Waliosahau wamezima gari kwa kuweka gia ya nne na kuachia klachi.

Halafu inakuja njia kuu. Kebo mpya, nene, ya milimita za mraba 16, inatoka kwenye alteneta hadi kwenye betri bila kuingia kwa dereva. Kwa urefu wa mita 2 na ampea 40, inapoteza chini ya volti 0.1. Ile amita inastaafishwa, pale pale kwenye tundu lake inakaa voltimita, ambayo inahitaji waya mwembamba tu na inampa dereva habari iliyo bora zaidi. Wapenda asili wanalalamika kwamba dashibodi imeharibiwa. Waache walalamike, aliyewahi kuendesha kilomita 80 huku amita inanusa moshi hana mjadala nao.

Kebo hiyo lazima iwe na fyuzi yake, tena karibu na betri. Betri ndiyo yenye nguvu ya kuchoma gari. Kebo ikichubuka ikagusa bodi, fyuzi ikatike kabla ya waya kuwa mwekundu. Fyuzi inapimwa kwa waya inayoulinda, na si kwa hamu ya mwenye gari kwamba isikatike tena. Wale wanaoviringisha karatasi ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi iliyoungua wamemtoa kipa uwanjani kwa sababu alifungwa bao moja.

Taa zinapewa rilei. Swichi ya zamani inabaki mahali pake, lakini sasa inabeba umeme kidogo wa kuiamuru rilei, na rilei ndiyo inayofungua mlango wa umeme mzito kutoka kwenye betri kwa njia fupi. Mtu aliyefanya hivyo kwenye gari lake anawasha taa usiku wa kwanza na kudhani amewekewa globu mpya. Ni zilezile.

Mwisho kuna mambo ya barabara zetu, ambayo vitabu vya Ulaya haviyasisitizi. Waya uliounganishwa kwa risasi ya kuchomelea unapendeza mezani, lakini risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu kama msumari. Kwenye barabara yenye mawimbi, ile inayotikisa meno saa nzima, waya unakatika pale ugumu unapoishia. Kichwa cha waya kilichobanwa vizuri kwa koleo lake maalumu kinadumu zaidi. Kila waya unaopita kwenye tundu la chuma uvalishwe mpira. Kila futi moja ushikiliwe, usiachwe unaning'inia kama kamba ya nguo. Na vumbi laini la Naivasha na kwingineko linaingia kila mahali, hadi kwenye kaboni za alteneta, kwa hiyo mahali inapofungwa pana maana kuliko urembo wake.

BADO INACHEZWA

Safari ya magari ya zamani ilianzishwa mwaka 2003, miaka 50 baada ya ile ya kwanza, na imewahi kuvuka mpaka na kuingia Tanzania. Björn Waldegård, aliyeshinda Safari ya 1977 na Ford Escort, alirudi na kushinda hii ya wakongwe mwaka 2007 na tena 2011, ile ya pili akiwa na mwanawe Mathias kwenye kiti cha msoma ramani. Stig Blomqvist naye aliichukua mwaka 2015 na Porsche 911. Watanzania wenye kumbukumbu watamtaja Bert Shankland, dereva wa hapa nyumbani aliyeshinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na Peugeot 404, na Chris Rothwell pembeni yake.

Siku hizi sehemu za mashindano ya wakongwe zinakimbiwa mchana, kwa hiyo spotilaiti si mzigo kama zamani. Lakini zimekuja pampu za umeme, feni za umeme za rejeta, spika za kuongea ndani ya kofia ngumu na vifaa vya kufuatilia gari lilipo. Hesabu inarudi palepale, kwenye 40 na ushee. Pampu ya mafuta ikipewa volti 11 inasukuma mafuta kidogo, injini inakosa nguvu mlimani, na timu inafungua kabureta kutafuta uchafu ambao haupo.

Jioni kabla ya kuondoka, fundi mwenye kuijua kazi anafanya jambo lile lile. Anabonyeza feni belti katikati kwa kidole gumba, inaingia kama sentimita moja. Anawasha injini, anawasha kila kinachowaka. Anasoma betri: 13.9. Anapima chanya na chanya: 0.1. Anazima, anaweka belti ya akiba chini ya kiti cha msoma ramani na spana yake ikiwa imefungwa nayo pamoja kwa tepu, mahali ambapo mkono unaifikia gizani bila tochi.